Stabilaiza nene ya nyuma: kabla hujafunga, tazama spesa

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Moshi, natumia Subaru Impreza wagon ya 2005. Nikipanda Marangu au nikishuka, kwenye kona gari linalala sana, na pua inakataa kukata mpaka nizidishe usukani. Nimepata stabilaiza ya nyuma ya milimita 20. Si ya kiwandani, ni ile ya kuongezea, ina matundu mawili kila mwisho na bushi zake ngumu nyekundu. Iliyopo kwenye gari nimeipima, ni 17. Fundi wangu anasema ni kazi ya nusu saa na gari litashika barabara kama limegundishwa. Mwenye gari wa kwanza alilinyanyua kwa spesa za inchi moja na nusu kwa sababu ya matuta. Je, nifunge? Na nifungeje?"

Marahaba kijana wangu. Ifunge, lakini si wiki hii.

Ulichokitaja mwishoni, kama vile unanipa historia tu ya gari, ndicho kilichonishtua: spesa, vile vipande vinavyowekwa juu ya shokapu ili gari linyanyuke. Nitarudi hapo, maana nusu ya jibu lako iko kwenye hizo spesa. Kwanza tuelewane juu ya kazi ya hicho chuma ulichonunua, kwa sababu fundi wako amekuahidi kitu ambacho stabilaiza haina.

Stabilaiza ni springi. Ni chuma kilichokunjwa kama herufi U pana, katikati kimeshikwa chini ya gari na bushi mbili, yaani vipande vya mpira au plastiki vinavyokizunguka, na kila mkono wake umeunganishwa kwa linki, kijiti kifupi, na mkono wa chini wa gurudumu. Ukipita tuta la pale Boma Ng'ombe moja kwa moja, magurudumu yote mawili ya nyuma yanapanda pamoja, chuma kinajizungusha ndani ya bushi zake na hakifanyi chochote. Usiitegemee ikusaidie kwenye tuta. Lakini gari likilala kwenye kona, gurudumu la nje linasukumwa juu na la ndani linashuka, ile sehemu ya katikati inasokotwa kama nguo inayokamuliwa, nayo inakataa. Huko kukataa ndiko kunakopunguza gari kulala.

Sasa, watu wengi huishia hapo na kusema: gari halilali, basi limeshika. Sivyo. Uzito unaohamia upande wa nje kwenye kona unategemea mwendo wako, ukali wa kona, urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini na upana wa gari. Stabilaiza haipunguzi uzito huo. Inachoamua ni ekseli ipi, ya mbele au ya nyuma, ibebe sehemu kubwa zaidi. Chukua matairi yako mawili ya nyuma, tuseme kila moja limebeba kilo 300 barabara ikiwa nyoofu. Kwenye kona la nje likawa na 400 na la ndani 200. Ukifunga chuma kinene nyuma, la nje linaweza kufika 430 na la ndani likabaki na 170. Jumla ni ileile 600, lakini mpira haulipi hivyo: tairi likiongezewa mzigo, mshiko wake huongezeka kwa kiwango kidogo kuliko mzigo wenyewe. Kwa hiyo lile la nje halifidii kile ambacho la ndani limepoteza, na ekseli ya nyuma kwa ujumla inashika pungufu. Mbele nako kunapata nafuu, ndiyo maana pua inaanza kukata.

Yaani unauza mshiko wa nyuma ili ununue wa mbele. Ni biashara halali kabisa, nami nimeifanya kwenye magari mengi, maana Subaru nyingi kutoka kiwandani zimepangwa pua iteleze kwanza kabla ya mkia. Ila muuzaji sharti ajue anauza nini.

Na unauza kiasi gani? Ugumu wa chuma cha duara kinaposokotwa hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Chukua 20 gawa kwa 17, kisha zidisha jibu hivyo, utapata 1.9. Milimita tatu tu zimekupa chuma kigumu karibu mara mbili ya ulichonacho. Hiyo ni kama chuma ni kizima. Stabilaiza nyingine ni bomba lenye uwazi ndani. Ikiwa yako ni bomba la 20 lenye ukuta wa milimita 3, ugumu wake ni kama mara moja na nusu ya chuma kizima cha 17, si mara mbili. Kujua si kazi: azima mizani ya mkono ya kuning'iniza, ile ya kupimia kahawa ambayo Uchagani haikosekani. Chuma kizima cha milimita 20 kina uzito wa karibu kilo 2.5 kwa kila mita moja, na hilo bomba ni kama nusu yake. Pima urefu kwa kufuatisha mikunjo yote kwa kamba, halafu ning'iniza. Mizani usiirudishe bado, tutaihitaji tena.

Turudi kwenye spesa.

Impreza yako ina mguu wa shokapu na springi pamoja, mbele na nyuma. Ukiweka spesa juu ya mguu huo, mwili wa gari unapanda, mikono ya chini inaning'inia zaidi, na magurudumu yanabadilisha mlalo: kichwa cha tairi kinaegemea nje. Nenda sasa hivi ukachutame mbele ya gari lako, hatua tano hivi, uangalie matairi ya mbele. Halafu pitisha kiganja juu ya tairi. Kama ukingo wa nje umelika kuliko wa ndani, umempata mwizi wa mshiko wako. Kwenye kona gari linalala, tairi la nje linazidi kuegemea, linakanyaga lami kwa bega badala ya wayo. Pua lazima ikatae.

Juu ya hayo, kitovu cha uzito kimepanda. Tuseme kilikuwa sentimita 54 kutoka kwenye lami. Ukiongeza karibu sentimita 4 za spesa, uzito unaohama kwenye kona ileile, mwendo uleule, umeongezeka kwa asilimia 7. Na hilo hakuna stabilaiza inayolifuta.

Kwa hiyo, kijana wangu, ukifunga hiyo ya 20 leo, gari litaonekana limepona. Pua itakata. Lakini mbele hutakuwa umeponya kitu. Utakuwa umepunguza mshiko wa nyuma ulingane na ubovu wa mbele. Siku ya jua huwezi kujua tofauti. Utaijua siku ya manyunyu ya kwanza ya vuli, vumbi na mafuta ya miezi ya kiangazi yakichanganyika na maji juu ya lami, unashuka kutoka Marangu kuja Himo, katikati ya kona bodaboda anaingia, unaachia mafuta ghafla. Hapo pua haitatoka. Utatoka mkia, na mkia hauna subira kama pua.

Najua utasema spesa ukizitoa gari litaburuza tumbo. Kweli, matuta yetu mengine ni kama kaburi. Shusha basi, hata kama si zote: toa za inchi moja na nusu, weka za nusu inchi, au tafuta springi nzima nne zisizochoka, kwa maana mara nyingi gari hunyanyuliwa kwa sababu springi zimelala tu na hakuna aliyeziangalia. Kisha peleka alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, mahali wanapokupa karatasi yenye namba za kabla na za baada. Akikuambia "imekaa sawa" bila karatasi, hujafanyiwa alaimenti, umefanyiwa salamu.

Ukiwa unashughulikia hayo, angalia na shokapu. Bonyeza kona ya nyuma ya gari kwa nguvu, uachie. Ikiyumba zaidi ya mara moja na kidogo, shokapu imekufa. Ikitulia haraka bado si hakikisho kwamba ni nzima, kwa hiyo tafuta na mafuta yaliyovuja kwenye mwili wake. Stabilaiza haizimi kuyumba. Springi haizimi springi mwenzake. Wapo wanaofunga chuma kinene kwa sababu gari "linaelea" wakipishana na mabasi barabara ya Arusha, kumbe wana shokapu nne za mapambo.

Na matairi. Ubavuni kuna namba nne za tarehe ndani ya kijiduara kirefu: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mazoea yetu ni kuhamishia matairi mazuri mbele "kwa sababu ndiko usukani uliko". Kwa gari utakalolifunga stabilaiza nene nyuma, mazoea hayo yaache. Subaru yako inavuta magurudumu yote manne, kwa hiyo yatakiwa yalingane yote. Lakini kama yametofautiana kidogo, yenye kina zaidi yakae nyuma.

Haya yote ukishayafanya, endesha wiki mbili. Inawezekana kabisa ukakuta hamu ya stabilaiza imekwisha. Kama pua bado inakataa, basi tuifunge.

Anza kwa kukikagua chenyewe. Kifute kwa petroli na kitambaa, angalia ndani ya mikunjo na kuzunguka matundu. Ukiona ufa kama unywele, au alama ya kuchomelewa popote, hicho ni chuma chakavu, kauze kwa kilo. Na kisipoingia sawasawa, asitokee mtu akakwambia kipashwe moto kikunjwe kidogo. Ni chuma cha springi, kimepikwa kiwandani kwa joto maalumu. Ukikipasha kwenye gesi pale mahali panalainika, na ukikichomelea panakuwa pakavu kama biskuti.

Cha pili ni breketi zinazoshikilia bushi, pamoja na mahali zinapofungwa. Hapa nina aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma, gereji yangu ikiwa Unga Limited, Arusha, nilimfungia mteja Impreza ya umbo kama lako chuma kizima cha milimita 22. Breketi nikaacha zilezile za kiwandani, bati jembamba. Gari likatoka linakata kona kama kisu, mteja akanisifu mpaka kwa shemeji zake. Baada ya miezi miwili akarudi: nyuma kunagonga. Nikaingia chini na tochi, nikakuta breketi ya kushoto imefunguka kama kopo la maziwa lililofunguliwa kwa kisu, na upande wa pili umeanza kuinama. Nguvu za chuma kigumu haziishii kwenye chuma, zinakwenda mahali kiliposhikwa. Impreza za kizazi hicho zinajulikana kwa udhaifu huo. Kwa 20 unaweza kubaki na breketi za asili kama ni nzima, hazina kutu iliyokula, na mahali zinapofungwa hapana ufa. Lakini kama stabilaiza yako ilikuja na breketi zake nene, zitumie hizo. Na ukiwa na fedha, linki mpya mbili ununue sasa, usingoje zilegee.

Siku moja kabla ya kazi, pulizia boliti zote dawa ya kulegeza kutu, jioni urudie. Magari mengi tunayopata yamekaa Japani kwenye theluji, barabara zinamwagiwa chumvi, na boliti za chini zimekauka. Afadhali subira ya usiku mmoja kuliko kukata boliti kichwa.

Egesha kwenye sakafu tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa vigogo mbele na nyuma yake. Nyanyua nyuma, na unyanyue pande zote mbili kwa kimo kimoja, gari likae juu ya stendi za chuma. Tofali la saruji hapana, linapasuka bila kuaga. Sababu ya kunyanyua pande zote mbili si usalama peke yake. Ukinyanyua upande mmoja, stabilaiza iko tayari imesokotwa, na ukifungua linki mkono utaruka. Nimeona kidole cha kijana wa kazi kikivimba kama ndizi mzuzu kwa hilo.

Piga picha ya kila kitu kilivyokaa. Fungua linki kwanza. Msumari wa linki ukizunguka pamoja na nati, tazama nchani mwake, kwa kawaida pana tundu la pembe sita la ufunguo wa aleni. Zuia kwa huo huku ukigeuza nati kwa spana. Halafu breketi. Kuichomoa ya zamani huenda ukalazimika kuchomoa raba moja au mbili za bomba la moshi ili lishuke kidogo. Paka raba maji ya sabuni, zitatoka.

Bushi mpya nyekundu ni za plastiki ngumu ya polyurethane, nazo zikifungwa kavu zinalia kama kitanda cha chaga. Zipake ndani grisi ya silikoni, ile inayokuja kwenye pakiti yake. Ukiamua kubaki na bushi za mpira, usizipake grisi ya kawaida ya gari hata kidogo. Mafuta ya petroli yaliyomo kwenye grisi hiyo yanauvimbisha mpira na kuuozesha. Mafundi wetu hawaachi hilo, nafikiri kwa sababu kopo la grisi liko karibu na mkono.

Ingiza chuma kipya, funga breketi kwa vidole tu, kisha kisogeze mpaka kiwe katikati: pima kutoka kwenye mkunjo hadi kwenye breketi, kushoto na kulia zilingane. Kama kina pete za kukizuia kisitembee pembeni, zifunge zikiwa karibu na bushi bila kuibana.

Matundu mawili: anza na lile la mwishoni kabisa mwa mkono. Mkono mrefu ni laini, mfupi ni mgumu. Kutoka sentimita 24 kwenda 22 tu, ugumu unapanda karibu moja ya tano. Kwa barabara za Moshi na mvua za Kilimanjaro, nadhani tundu la ndani hutaligusa.

Unganisha linki za pande zote mbili bila kukaza, halafu shusha gari likanyage. Hapa ndipo ile nusu saa ya fundi wako inaposhindwa. Gari likiwa chini, na mtu wa uzito wako ameketi kwenye kiti cha dereva, chomoa boliti ya linki ya upande mmoja na uirudishe. Iingie kwa kidole. Ikihitaji kusukumwa kwa bisibisi au kugongwa, maana yake stabilaiza inasukuma wakati gari limesimama tu, na kona za kushoto hazitafanana na za kulia. Linki za kurekebisha urefu unazizungusha mpaka boliti iteleze. Zisizorekebishika, tafuta kilichopinda. Na kama bado umebaki na spesa ndefu, utaona mikono ya stabilaiza imeinama chini badala ya kukaribia kulala. Hapo linki za urefu wa kiwandani hazikutoshi.

Kaza sasa, gari likiwa limekanyaga. Linki zenye bushi za mpira ukizikaza zikiwa zinaning'inia, mpira unabaki umesokotwa siku zote na unachanika mapema. Boliti ya M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8, ya daraja la ugumu 8.8 inataka kama nyutoni-mita 25. Kama huna spana ya kupimia, chukua ile mizani ya kahawa: ifunge kwenye spana, sentimita 25 kutoka katikati ya boliti, uvute kwa pembe mraba hadi isome kilo 10. Hiyo ndiyo 25. Boliti za M10 za linki ni karibu mara mbili ya hapo, ila kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate chenyewe.

Kabla hujatoka, linyanyue gari tena magurudumu yakining'inia, uangalie kama chuma kinagusa paipu ya breki, bomba la moshi au shafti. Uangalie hivyohivyo gari likiwa limekanyaga na watu watatu wameketi nyuma.

Jaribio la kwanza lisiwe Marangu. Tafuta uwanja mpana mkavu, zunguka duara moja kwa mwendo uleule, ongeza kidogo kidogo, halafu achia mafuta taratibu uhisi mkia unafanya nini. Utahisi pia barabara ya vumbi imekuwa na maneno mengi: gurudumu moja likiingia shimoni, linamtikisa mwenzake, kwa sababu sasa wameshikana zaidi. Ukienda Kibosho kwa njia ya mawe utalalamika, na malalamiko hayo hayana dawa, ndiyo bei yenyewe. Baada ya kilomita 100 hivi, ingia chini tena na spana, urudie kila boliti.

Na hiyo ya 17 usimpe fundi wako wala usiiuze. Ipake mafuta kidogo, uining'inize ukutani pamoja na bushi zake na breketi zake. Masika yakikukuta na matairi yaliyochoka, utaishusha.